Kila Mama kwa Watu Wake

Ungewaona Keji na Nyawech katika uwanja wa nyumba ya wazee pale mtaa wa Hai Mauna, ungecheka kwanza. Keji, wa kabila la Wakuku, alikuwa haoni kabisa. Nyawech, wa kabila la Wanuer, miguu yake ilikataa kazi zamani. Basi asiyeona alisukuma kiti cha magurudumu, na asiyetembea akaongoza: "Kulia! Hapana, kulia ya mimi!" Siku moja walilivamia karai la nguo la Quinter, muuguzi kutoka Kenya, wakatupiana lawama mpaka jioni. Kiswahili chao walikiokota Uganda, kila mmoja katika kambi yake ya wakimbizi, na kwa Kiswahili hicho hicho kibovu walipendana kuliko ndugu wa tumbo moja.

Kisha mwenye kiwanja akarudi kutoka Kampala, akataka kiwanja chake. Kanisa lililoendesha nyumba ile likamtuma Conrad, mtu mpole mwenye sauti ya mahubiri, aje kuwaeleza wazee.

"Hakuna atakayetupwa," alisema. "Kila mama ataenda kwa watu wake."

"Huyu ndiyo watu yangu," Keji akasema, mkono begani mwa Nyawech.

Conrad akacheka kidogo, kama mtu anayemcheka mtoto. Sijui ni shetani gani aliyemfundisha binadamu kwamba watu wako ni wale wa kabila lako tu.

Keji akamwomba Lako, mtoto wa marehemu dada yake, awachukue wote wawili. Lako alikuwa mwana mwema, na nyumba yake Rejaf ilikuwa na nafasi. Lakini aliogopa midomo ya watu. Nchi imemwaga damu nyingi, na hakuna aliyesahau nani ni nani. "Mama, wewe karibu. Lakini huyu mwingine, majirani watasema nini?" Siku ya kuhama, jamaa wa Nyawech aitwaye Lony akampakia mzee wake katika raksha, ile bajaji ya magurudumu matatu, pamoja na kile kiti. Keji akabaki amesimama, hana cha kushika.

Rejaf walimpenda, hilo lisemwe. Walimpa kitanda kizuri, uji, chai ya maziwa. "Kaa tu, mama, usijisumbue." Akakaa. Mwanamke aliyekuwa akizunguka uwanja mzima nyuma ya kiti cha mwenzake sasa alingoja kushikwa mkono hata kwenda chooni. Mwili ukamwisha. Quinter alipokuja kumjulia hali, alimvuta Lako kando, akafoka: "Huyu mama hana ugonjwa. Ni nyinyi mnamuua na hiyo huruma yenu. Mpeleke akamwone mwenzake, hata kama ni mara moja tu."

Lako akampeleka, kwa sharti kwamba ni salamu tu, kisha warudi. Walimkuta Nyawech amelala katika kibanda cha Lony, nyuma ya mtaa wa Sherikat. Alipomwona Keji mlangoni alipiga ukelele, akajifunika uso kwa shuka. Keji aliifuata sauti, akapapasa, akaweka kiganja juu ya kichwa cha rafiki yake. Kilikuwa kimenyolewa hadi ngozi, jinsi watu wa kwao wanavyonyoa wakifiwa.

"Nani amekufa?" Keji akauliza.

"Wewe," Nyawech akasema, huku analia.

Lony alisimama mlangoni, hajui aangalie wapi. "Haboba, bibi yetu huyu, alikuwa anaita jina yako kila siku, hataki kula. Sisi tukaona afadhali tumwambie wewe umekufa, apumzike."

Keji alijishusha polepole mpaka akakaa kwenye mkeka, na Nyawech akaanza kumshikashika uso, pua, masikio, kama asiyeamini. Nje dereva wa raksha alipiga honi.

"Mama, twende," Lako alisema.

"Wewe enda, mtoto yangu," Keji akasema. "Huyu hawezi kuzika mimi mara mbili."