Dume la Lambo

Kila mwaka, kati ya Agosti na Oktoba, vidimbwi vya Kinango vikikauka, ndovu huja kunywa kwenye lambo lililo chini ya kituo cha mazingira anakofanya kazi Kamene. Jumamosi kituo hufunguliwa kwa umma. Kamene huwapandisha wageni kwenye jukwaa la mbao, akawaonyesha jike anayeongoza kundi, akawaeleza jinsi wanyama hao wasivyosahau njia wala harufu.

Kazi hiyo aliipata mwaka mmoja baada ya mumewe, Mbithi, kuuawa na ndovu. Alikuwa ametoka alfajiri kwenda kutazama mahindi. Majirani walimkuta mpakani mwa shamba, na waliomwona mnyama akiondoka walisema ni dume lililokatika pembe ya kushoto.

"Kwa hiyo sasa unawasifu waliomuua mwanangu?" mama mkwe wake, Syovata, alimuuliza.

Kamene angemwambiaje kwamba nyumbani alisikia matawi yakivunjika hata pasipo na upepo? Pale lamboni, angalau, aliwaona ndovu kwa macho.

Asubuhi moja ya Septemba upepo wa kusi ulikuwa na baridi, naye akavaa koti la Mbithi, ambalo hakuwahi kulifua. Siku hiyo walikuja wanafunzi pamoja na mwalimu wao, Rispah. Ndovu majike walikuwa wameshakunywa na kuondoka wakati dume moja lilipojitokeza vichakani, peke yake. Pembe yake ya kushoto ilikuwa kigutu.

Dume lilitia mkonga majini, kisha likautoa kabla ya kunywa. Likaunyanyua juu, likaugeuza huku na huku, halafu likaja taratibu mpaka kwenye uzio chini ya jukwaa. Likasimama hapo, mkonga umeelekezwa kwa Kamene.

Tsofa, askari wa kituo, alimsogelea. "Dada, shuka. Nitamalizia mimi."

"La. Watoto wamekuja kusikia, acha wasikie."

Msichana mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Mbona anakutazama wewe tu?"

Kwa miaka mitatu Kamene hakuwahi kukitaja kifo cha Mbithi mbele ya wageni. "Nadhani huyu ndiye aliyemuua mume wangu," alisema. "Na hili ni koti lake."

Mwalimu Rispah alijiziba mdomo. Hakuna mtoto aliyesogea. Dume lilishusha pumzi nzito hadi vumbi likatimka, likageuka, likarudi vichakani bila kunywa. Ndipo Tsofa alipomshika Kamene mkono.

Syovata alihadithiwa yote. Jumamosi iliyofuata alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza, akaketi kutwa nzima akilitazama lambo. Dume halikuja. Jioni aliuliza, "Lilitaka nini kwako?"

"Sijui, mama."

"Nami ningependa kujua."

Msimu wa mwaka uliofuata dume halikuonekana. Tsofa alisema huenda limehamia upande wa Shimba, au limekufa. Kamene aliendelea kuwapandisha wageni na kuwaeleza habari za majike na ndama wao, lakini macho yake yalikuwa vichakani, hata mgeni mmoja akamuuliza anamtafuta nani.

"Kuna mmoja hajafika," alisema, akaendelea kutazama.