Maganda ya Mgomba Kwenye Mishale ya Kajaga

Siku yangu ya kwanza kazini, pale ufukoni mwa ziwa, Kajaga, tulikuwa wanne. Alikuwapo Melkiori, mume wa shangazi yangu, tuliyemwita Shefu kwa kuwa ndiye aliyekubali au kukataa kila mshale. Alikuwapo Yohani, mume wangu, mpigaji wa samaki kwa upinde. Alikuwapo Esperansi, dada yake Yohani, msokota kamba. Na mimi, mwenye madarasa mawili tu ya shule. Vita vilikuwa vimeshaanza.

Shefu alinipa mshale wenye manyoya. "Huu ni wa nini, mama?"

"Wa samaki, Shefu."

"Apana. Huu ni wa ndege. Manyoya yakiingia mu maji, mushale unapinda. Samaki atakucheka."

Mshale wa samaki hauna manyoya, na mti wake ni mzito. Kichwa ni msumari uliofuliwa, una meno mawili yanayotazama nyuma ili samaki asichomoke. Upinde tulichagua mlaini, maana kwenye matete unapiga karibu; mgumu unazamisha mshale topeni. Kamba ya kuvutia samaki, iliyofungwa kwenye mshale, tuliizungusha kwenye mkebe mbele ya upinde, kamwe si mkononi. Ikinasa kwenye uzi wa upinde, mshale unakurudia. Esperansi alikuwa na kovu juu ya jicho. "Mi nilipiga samaki," alikuwa akisema, "samaki akakataa."

Kazi yangu mimi ilikuwa kufunika. Kila kichwa nilikivika ganda kavu la mgomba, nikakaza, mtu asichomwe njiani. Shefu alipitisha kidole. Asipoona damu, alisema, "Sawa, mama."

Kisha kibanda chetu cha vyombo kikachomwa, ikabidi tubebe mishale mpaka nyumbani Bwiza. Barabarani kulikuwa na bariyeri, kizuizi cha watu wenye bunduki. Asubuhi moja Yohani alitangulia na mishale sita, Esperansi akimfuata na upinde. Esperansi ndiye aliyesikia, akanisimulia.

"Umefunika nini?" mwenye bunduki aliuliza.

"Ni ya samaki, bwana. Mama ya watoto anafunika, isichome watu."

"Mutu wa samaki anaficha nini?"

Wakafungua ganda moja, wakaona chuma. Wakamwingiza Yohani kwenye matete. Esperansi wakamfukuza. Yohani hakurudi.

Baada ya hapo nilitengeneza mishale kwa miaka mingi, vichwa wazi. Watu walichomwa miguu, wakanung'unika, nikawafunga vitambaa. Sasa vidole havishiki tena kisu, Shefu amekufa, na mimi nakaa.

Jambo moja linanisumbua. Nasikia sauti ya Shefu: "Mama, vichwa viwe wazi, wavione pale bariyeri." Majina yote nayakumbuka, lakini siku aliyosema hivyo, apana. Esperansi anasema ilikuwa baada ya Yohani kuchukuliwa. Lakini Esperansi ananipenda. Kama ulikuwa Kajaga, na ulimsikia Shefu akisema hivyo kabla Yohani hajachukuliwa, nisahihishe. Usinionee huruma.