Pacha Nisiyemsikia

Siku yangu ya kwanza kwenye meza ya kunusa, katika kiwanda kilichotengeneza ladha za peremende na mikate, Meneja alitugawia vijikaratasi vilivyochovywa kwenye chupa mbili. Nilikuwa nimetembea kutoka Mukuru kwa Njenga, viatu bado vina tope. Chupa ya kwanza ilikuwa minti, bila ubishi. Ya pili wenzangu wakasema kisibiti, kile kiungo cha mkate. Mimi nikanusa, nikanusa tena.

"Sisikii kitu."

"Mama, pua imelala?" Meneja akauliza.

"Iko macho. Haisikii tu."

"Si useme kisibiti kama wenzako, tuendelee!"

"Nikisema nitakuwa nimekudanganya."

Meza nzima ikacheka. Kesho yake nikapelekwa kufunga maboksi.

Mkemia wetu ndiye aliyenieleza, na nyinyi vijana mnisahihishe nikikosea, maana shule niliiacha mapema. Kwenye chupa zile kulikuwa na molekuli pacha, yaani chembe za harufu zilizoundwa kwa vitu vile vile, ila moja ni kama mwenzake anavyoonekana kwenye kioo.

"Kama gambuti," alisema. "Vaa ya kushoto mguu wa kulia, utaona."

Kila seli ya pua imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta, na mafuta hayo nayo yana kushoto na kulia kwake. Alikuwa akitengeneza viputo vya mafuta majini na kuwatia pacha, mmoja baada ya mwingine, aone yupi anazama zaidi ndani ya mafuta.

"Kwa hivyo mafuta yangu yanamkataa huyu wa kisibiti?"

"Pengine. Au ni kile kipokezi kilicho kwenye utando, kinachopeleka habari kwa ubongo. Sijui, Mama."

Hilo "sijui" lilinipa nguvu. Nikamwendea Meneja.

"Mkemia anaruhusiwa kutojua. Nami niruhusiwe kutosikia. Minti naisikia. Nijaribu."

Akanijaribu asubuhi nzima, akanirudisha upande wa minti. Kwenye kisibiti sikuitwa tena hadi nikastaafu, na hapo alikuwa na haki. Mteja wa mkate hakununua ubishi wangu. Hata mimi nilijiuliza mara nyingi kama ni ukweli au ni ukaidi.

Sasa naishi Komarock kwa mwanangu. Mkewe huoka mkate.

"Mama, kisibiti hakijazidi?"

"Mkate unanukia vizuri. Kisibiti, muulize mumeo."

"Ai, si ukisie tu!"

"Sikisii."