Mtoki

Juzi mjukuu wangu mwenye kidonda mguuni alilalamika kinena kinamuuma. Nikampapasa, nikakuta mtoki, nami nikakumbuka alasiri moja ya utoto wangu kwetu Samuye.

Pamba ilikuwa imeanikwa uani, ikinukia vumbi na jua. Siku chache kabla ya hapo nilichomwa na mwiba wa mgunga kisiginoni, nikanyamaza kwa kuogopa sindano ya zahanati. Sasa uvimbe ulikuwa umetokea kwenye kinena, nami niliamini kabisa kuwa ni mwiba wenyewe, unapanda kuelekea moyoni. Nilichana kitambaa nikalifunga paja kwa nguvu ili usipite.

Mama alinikuta nyuma ya ghala nikilia kimyakimya, mguu umekufa ganzi.

"Nani kakufunga hivi, ng'wanone, mwanangu?"

Nilimweleza. Hakucheka. Alifungua kitambaa, akaukanda mguu kwa maji moto ya chumvi, kisha akauchokoa mwiba pale pale kisiginoni, ukatoka na usaha.

"Basi huku juu kuna nini?" niliuliza.

"Ni wewe mwenyewe," alisema. "Mwili wako unauzibia usaha njia."

Siku hizi najua habari za tezi na chembechembe nyeupe za damu. Jioni ile nililala chali, nikakifunika kile kiuvimbe kwa kiganja, taratibu, nikakiombea kishinde.