Jembe la Mume Wangu

Mimi sikuzaliwa na subira, na watu wa Kwaluguru wanalijua hilo. Zama za Mdachi, mume wangu alipokwenda Korogwe kukata mkonge kwa mkataba, wanawake wenzangu waliniambia nikae kitako, mume ana kazi. Thubutu! Kijijini petu tulilimiana mashamba kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, na nyumba isiyotoa jembe ilikosa zamu. Basi nilibeba majembe mawili, langu na lake, nikalima ngwe mbili peke yangu. Jirani mmoja hakuisha kunicheka. "Mwenye mikono minne huyo anapita!"

Masika yalipokolea, habari ikaja: panga limemkata mume wangu mguu, amelazwa hospitali ya shamba la mkonge. Nikafunga safari. Nikakuta kidonda kinasafishwa kila asubuhi, dawa bure kwa kila mwenye mkataba. Haki ya Mungu, walimtibu vizuri. Lakini bwana yule alikuwa anafunga mzigo.

"Mama watoto, mahindi yatamezwa na magugu. Narudi nikapalilie."

Muuguzi akaniambia waziwazi: akitembea kabla kidonda hakijafunga, mguu utakatwa. Niliogopa, sikatai. Nikamwambia mume wangu, "Ukishuka kitandani hapo, utafute mke mwingine. Shamba niachie mimi."

Nilifika kijijini, nikachukua jembe la mume wangu nyumbani, nikaenda kwa mzee aliyepanga zamu kuomba shamba letu lipaliliwe. Alikuwa amekaa na wenzake, na yule jirani aliyenicheka akiwamo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Habari tumezisikia. Lakini mumeo ana daktari wa Mdachi. Zamu tuwaachie wagonjwa wasio na mtu."

Nikamjia juu. "Baba, daktari anatibu mguu. Mahindi atapalilia nani? Na mguu utaponaje kama mwenyewe anautoroka kwa kuogopa njaa ya wanawe?" Nikaliweka lile jembe la pili mbele yake. "Hili limelima kwako. Limelima kwa kila aliyekaa hapa. Nani aliona limekosa?"

Kisha yule jirani mcheshi akainuka, akajifunga kanga kiunoni. "Mikono minne ililima kwangu pia," akasema. "Mimi kesho nakwenda."

Walikuja wote. Mume wangu akapelekewa habari kwamba shamba ni safi, akalala akatibiwa hadi kidonda kikafunga.

Alirudi kwa miguu yake yote miwili. Hakuingia hata ndani. Alitua mzigo mlangoni, akauliza jembe lake liko wapi. Siku hiyo zamu ilikuwa ya yule mzee.