Makande ya Dirishani

Katika maisha yangu nimewahi kubuni biashara moja tu, nayo ilikuwa kukodisha miavuli pale Same. Wanaoijua Same wameshaanza kucheka. Kwa wasioijua, mji huo umekaa chini ya milima ya Upare, upande ambao mvua huupita bila kubisha hodi. Siku inaponyesha, watu hutoka nje kuipokea kama mgeni aliyeleta sukari. Nililiacha wazo langu wazi miaka yote na hakuna mwizi aliyeligusa.

Baadaye nilisoma chuo kikuu. Watu waliovaa majoho walinifundisha kwamba wazo ni mali, kwamba lina mwenyewe, na kwamba sheria inaweza kuliwekea uzio. Niliandika kurasa nyingi juu ya jambo hilo, na nyingine zilisifiwa. Lakini kila nilipoandika, aliyenijia machoni alikuwa shangazi yangu, kanga kiunoni, akibishana na watu wawili kwa mpigo kwenye stesheni ya Same.

Ilikuwa miaka ya Mwingereza, wakati kahawa ilipowafanya wazee wa Ugweno watembee vifua mbele. Shangazi alikuwa ameolewa huko Ugweno, juu milimani, ila mumewe alifanya kazi ya reli, kwa hiyo walikaa Same katika nyumba ndogo nyuma ya stesheni. Mume alipofariki, kaka mkubwa wa marehemu alishuka kutoka mlimani kuja kusema kilichotarajiwa: mjane arudi nyumbani, apewe chumba nyuma ya nyumba yake, alime na kusaidia kuchuma kahawa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee wa kanisa, na aliyasema hayo kwa sauti ya maombi.

"Shemeji, mji hauna ndugu. Ukiugua nani atakuona?"

"Nitaugua baadaye," shangazi alisema. "Sasa hivi nina kazi."

"Kazi gani?"

"Utaiona."

Hakuwa na kazi yoyote. Aliniambia miaka mingi baadaye kwamba siku ile alitanguliza jibu, kazi yenyewe akaitafuta nyuma yake. Walikubaliana hivi: kahawa ikianza kuiva na shemeji asione riziki ya kuonekana kwa macho, shangazi atafunga mizigo apande naye. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, nikiishi kwake huku nikingoja nafasi ya chuo, na nilishuhudia makubaliano hayo nikiwa na mdomo uliojaa chakula chake.

Shangazi alitafuta biashara kwa namna ambayo sijaiona katika kitabu chochote. Hakuuliza watu wanataka nini. Alikwenda stesheni kila treni ilipofika, akakaa kwenye gogo, akatazama watu wanapoteza nini. Wauza makande, mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, walikuwepo tayari, wakipitisha mabakuli madirishani. Abiria alikuwa hajafika nusu ya bakuli, filimbi inalia, treni inaondoka, muuzaji anakimbia pembeni ya behewa akipiga kelele, "Bakuli langu! Baba, bakuli langu!" Mara nyingine bakuli lilirudi kwa kurushwa. Mara nyingi lilikwenda Tanga.

Jioni moja alirudi akicheka peke yake. "Baba," aliniambia, maana nilirithi jina la baba yake na hakuwahi kuniita vingine, "nitauza bakuli linaloruhusiwa kuondoka."

Bakuli hilo lilikuwa jani la mgomba. Alilipitisha juu ya moto likalegea, akafungia ndani yake makande yaliyopikwa mpaka yakakauka na kushikana, akalifunga kwa kamba ya mgomba kwa fundo moja lililopinda mara mbili, ambalo lilifunguka ukivuta ncha moja tu. Ubavuni alichomeka kipande cha jani kilichokunjwa kuwa kijiko. Mtu aliweza kununua akiwa Same na kula akipenda, huku mikono ya shangazi ikibaki imekunjwa kifuani treni inapoondoka. Hakukimbia tena mtu yeyote.

Kasoro ilijitokeza upesi. Kondakta mmoja alimwambia kwamba wanaoweka chakula mpaka jioni hukikuta kimechacha, wakakitupa njiani huku wakimtaja kwa maneno yasiyofaa. Shangazi hakukasirika. Aliacha kuuza kwa muda, akaanza majaribio, na tumbo langu ndilo lililokuwa maabara. Nilikula makande ya jana yenye ndimu, makande ya jana yenye majivu, makande ya jana yenye kitu ambacho mpaka leo sikijui na sitaki kukijua. Mwisho alipata dawa yake chini tambarare, mahali ambapo watu wa milimani hawatafuti chakula: ukwaju. Aliuchemsha pamoja na chumvi na viungo vingine, akaupikia makande, na kesho yake nikala bila kukimbilia nyuma ya nyumba. Siri hiyo niliapa kuitunza. Ninaitaja leo kwa ruhusa yake. "Andika tu, baba," aliniambia juzi. "Waliokuwa wakiitaka wamekwisha meno."

Biashara ilisimama. Abiria walianza kuchungulia kabla treni haijasimama, wakiita, "Mama wa majani yuko wapi?" Basi, kama ilivyo kawaida, jambo jema likapata mapacha. Mke wa fundi cherehani, mwanamke wa Ugweno pia, aliyeimba kwaya moja na shangazi, alikuja siku moja na kikapu chake. Majani yale yale, kijiko kile kile, fundo lile lile.

Hapo shangazi alifanya kosa ambalo mtu wa huko kwetu tu angeweza kulifanya. Alileta miche ya isale, ule mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka. Palipo na isale hapavukwi, hata na mlevi, hata na mbuzi wa mlevi. Aliizungusha mahali pake pa kuuzia, kwenye ardhi ya reli. Stesheni masta, ambaye si mtu wa kwetu, alidhani mama huyu mjane amemletea maua, akaagiza yamwagiliwe kwa maji ya treni. Katika ukame wote ule yakastawi.

Mke wa fundi aliliheshimu isale kikamilifu. Hakuweka hata kidole cha mguu ndani. Alisimama nje yake, hatua chache pembeni, akauza makande.

"Dada, huoni isale?" shangazi alimuuliza.

"Naliona, dada. Limependeza."

"Na unachouza?"

"Kiko nje ya mpaka. Nitazame miguu."

Wachukuzi walicheka mpaka mmoja akakalia mzigo wa watu. Shangazi naye, baada ya kukaza uso kwa muda, alicheka. Alikuwa amelinda udongo, na wazo lake lilikuwa limetoka kwa miguu yake lenyewe.

Ndipo nilipojitokeza mimi, msomi. Nilimwambia kwamba kwa Wazungu kuna sheria ya uvumbuzi, na anayevumbua hupewa hataza, asiigwe. Tulikwenda boma, kwenye ofisi ya serikali. Karani, kijana aliyevaa tai kwenye joto la kutisha, alitusikiliza kwa adabu.

"Ni mashine?" aliuliza.

"Ni makande," nilisema, na nikasikia sauti yangu ikipungua.

"Shikamoo, mama," karani alimgeukia shangazi, kana kwamba ndio kwanza amemwona.

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, hapa petu hatutoi hataza. Ni mpaka kwanza ipatikane Uingereza, ndipo na sisi tuiandikishe."

"Uingereza wataonja?"

"Sijui, mama. Ila ni mbali. Makande yatafika yamechacha."

Shangazi alisimama, akajifunga kanga upya. "Yangu hayachachi," alisema, na tukaondoka. Njiani hakunilaumu. Aliniuliza tu kama vitabuni kuna kitu kingine, nami nikamwambia nitatazama.

Mambo yalizidi kuharibika, kwa sababu mke wa fundi alikuwa ameiga kila kilichoonekana kwa macho, na ukwaju hauonekani. Makande yake yalichacha kabla ya jua kushuka. Abiria hawakujua kutofautisha jani na jani, na waliporudi na treni walimzomea yeyote mwenye kikapu. "Ndiyo yale yale! Usinunue, utalala chooni!" Vifurushi vya shangazi vilianza kurudi nyumbani. Kisha bwana mmoja mkubwa wa behewa la mbele aliumwa tumbo, na stesheni masta akatangaza kwamba akisikia lalamiko moja zaidi hataruhusu mwanamke yeyote kuuza chakula pale. Na kule juu kahawa ilikuwa inaanza kuwa nyekundu.

Shemeji alishuka siku ya treni ya mchana, na kamba za kufungia mizigo begani. Aliketi kwenye benchi, akatazama kikapu kilichojaa na treni iliyokwisha kupita.

"Shemeji," alisema kwa ile sauti ya maombi, "nimeona kwa macho."

Shangazi alianza kukifunika kikapu. Mimi nilitazama pembeni.

Ndipo mke wa fundi alipokuja akivuka reli. Mkononi alishika jani moja la isale, limepigwa fundo. Sijui alilichuma wapi; pengine katika uzio ule ule. Kwa asiyejua desturi, aliyekosa akikuletea jani hilo lenye fundo, huwezi kukataa kumsamehe. Hata damu imesamehewa kwa jani hilo. Yule mama alikuwa anaelekea kufungiwa biashara kama mwenzake, naye alijua kwamba aliyejua dawa ya kuchacha ni mmoja tu. Alipiga magoti kwenye kokoto.

"Dada, nipokee."

Mimi nilidhani tumekwisha. Shangazi akisamehe, nilifikiri, deni limefutika na wazo ni la wote. Hivyo ndivyo ningeandika kwenye mtihani, na huenda ningepata alama.

Shangazi hakulipokea jani mara moja. Alimgeukia shemeji. "Shemeji, wewe ni mzee. Isale hupokewa bila kosa kutajwa?"

Mzee alijiweka sawa kwenye benchi. Hakuna kitu alichokipenda kama kuulizwa desturi. "Haiwezekani. Kosa litajwe, wenye masikio wasikie."

"Litaje, dada."

Mke wa fundi aliwatazama wachukuzi, akamtazama stesheni masta aliyetoka na filimbi yake mdomoni. "Nimechukua wazo lako," alisema. "La majani. Na kijiko. Na fundo."

"La nani?" shangazi aliuliza, kana kwamba ana uziwi kidogo.

"Lako! Lilikuwa lako. Kila mtu anajua lilikuwa lako."

"Basi nimepokea," shangazi alisema, akalichukua jani. "Inuka, utaumia magoti."

Alimsamehe kabisa, kama inavyotakiwa. Kisha, akiwa bado amemshika mkono, alimweleza watakavyofanya kazi. Mke wa fundi ataendelea kuuza. Kila asubuhi atakuja kuchukua kibuyu cha maji ya kupikia, yaliyokwisha kuchemshwa, bila kuuliza yana nini, na atapika mbele ya macho ya shangazi mpaka mkono wake ukubalike. Fundo la kupinda mara mbili watalifunga wao tu, na kila kifurushi chenye fundo hilo shangazi atakijibia. Mke wa fundi alikubali kabla sentensi haijaisha. Stesheni masta aliuliza kwa Kiswahili chake cha reli, "Mwenye makosa ni nani nikisikia lalamiko?"

"Mimi," shangazi alisema. "Kuna mwenyewe sasa."

Nimesoma hukumu nyingi tangu siku ile, na sijakutana na iliyonipendeza zaidi. Mwanamke aliyekuwa na isale na kibuyu tu alipata ungamo la hadharani, mashahidi, alama yake, siri yake, na mshirika, bila barua yoyote kwenda Uingereza. Mimi nilichangia safari ya boma.

Shemeji alizungusha zile kamba mikononi. Alikuwa amenaswa na desturi yake mwenyewe: jambo lililoombewa isale mbele yake lina mwenyewe, na mwenye mali hafungwi kamba za mizigo. Mwishowe aliuliza, "Haya majani unayapata wapi?"

"Nayanunua hapa. Mabovu, yamekauka."

"Kwangu migomba imejaa."

"Najua, shemeji. Nilikuwa nangoja useme."

Msimu ule wa kahawa alishuka mara kwa mara, kila safari na mizigo ya majani mabichi aliyoifunga kwa kamba zile zile, akapanda peke yake. Siku moja, kabla ya kuondoka, aliinama juu ya kibuyu, akanusa, akanusa tena.

"Shemeji, humu unatia nini?"

Shangazi alifunga kibuyu kwa gunzi la hindi, akamwekea vifurushi viwili vya njiani. "Hivi ni vya kwako na mkeo," alisema. "Kuleni hata kesho."