Alfajiri ya Nairobi Ukutani kwa Shangazi

Naandika haya nikiwa bado sijaelewa vizuri, na aliyesoma kuliko mimi anisahihishe. Kozi yangu ya kompyuta ilikuwa ya miezi mitatu, na mmoja kati ya hiyo niliugua.

Shangazi yangu wa Wiyoni, hapa Lamu, hasikii sawasawa. Adhana haimfikii, kwa hivyo Ramadhani hula daku kwa saa ya ukutani na karatasi ya nyakati za swala, ambayo kompyuta ya duka letu la fotokopi huichapa yenyewe kila Alhamisi, nami nikampelekea. Karatasi ikisema alfajiri, huacha kula. Basi.

Wiki ya pili ya mfungo nilimpelekea karatasi mpya alasiri, nikamkuta na jirani yake, ambaye dirisha lake laelekea la shangazi.

"Bi huyu," jirani akasema akicheka, "adhana yalia, yeye bado atafuna tende!"

Shangazi alipoelezwa sikioni, alinyanyua kidevu. "Mimi nafuata karatasi. Imetoka kwa mashine. Wewe una mashine?"

Mimi sikucheka. Nilirudi dukani, nikaandika jina la ile programu, swala. Kwenye kioo cha kompyuta saa zilikuwa sawa, za Lamu. Kwenye nakala ya karatasi ya shangazi, alfajiri ilikuwa imechelewa kama robo saa. Nikaandika tena. Kioo sawa, karatasi si sawa. Jina moja, majibu mawili. Nikafuta miwani.

Nikampigia kaka yangu Mombasa, aliyetuwekea ile Linux, mfumo unaoendesha kompyuta, kabla tu ya mfungo. Akaniambia niandike type -a swala. Ikatoka mistari miwili, kila mmoja mahali pa programu moja:

/usr/local/bin/swala
/usr/bin/swala

"Ya chini ni ya mfumo, yajua Nairobi tu," akasema. "Ya juu nimeiandika mimi, ya Lamu. Za mfumo hukaa kwenye folda ya /usr/bin. Tunazoleta wenyewe huwekwa /usr/local/bin, ili mfumo ukijifanya upya usizifagie."

"Mbona kioo chasema kweli?"

"Ukiandika wewe, mashine hutafuta kwanza kwenye local. Ikijiendesha yenyewe Alhamisi, huko haifiki. Hutazama folda za mfumo peke yake."

"Na mbona ukazipa jina moja?"

"Ili usisumbuke kujifunza jina jipya."

Alinitakia wema, sina budi kusema hivyo. Mfumo nao haukuficha kitu, kila programu ilikuwa mahali pake. Mimi ndiye niliyekuwa nikikagua kioo na kumpelekea mtu karatasi. Lakini ningejuaje kwamba kuna mbili? Nikisema hivyo naona najitetea. Nikinyamaza naona namtwika kaka. Mpaka leo sijui mzigo huu niugawe vipi.

Kazi ya Alhamisi niliibadilisha, nikaandika njia nzima, /usr/local/bin/swala. Halafu nikaenda kwa mwalimu wa madrasa. Akasema shangazi hana dhambi, ila siku zile lazima azilipe. Zilikuwa tisa, na miguu yake huvimba.

Nilimwambia sikioni, polepole. Akaigeukia karatasi ukutani.

"Kwa hivyo nalikuwa nikila daku ya Nairobi?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na hapa kumeshakucha."

"Ndiyo. Nisamehe."

"Ya Nairobi, na hata nyama choma yake hamkuniletea."

Baada ya sikukuu nilizifunga naye zote tisa, ingawa sikulazimika, na sijui kama ni mapenzi au ni kutaka nisamehewe. Siku ya kwanza, wakati wa daku, karatasi mpya ilikuwa ukutani. Nilikuwa nimeilinganisha na kioo mara nne. Shangazi hakuitazama kabisa. Alikuwa akitazama mkono wangu, nikiacha kula naye aache. Nami tonge nimelishika, namsubiri yeye aache kwanza.